Kiti cha Profesa

Mvungu ni ile nafasi iliyo chini ya kitanda. Huko ndiko hubingirika sarafu ya mwisho, ndiko hujificha kandambili moja ya jozi, na anayekitaka kilichoko huko hana njia ya mkato. Atapiga magoti, atainamisha kichwa, na huenda akatoka na vumbi puani. Wahenga walipoliona hilo wakasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimaanisha kuwa mwenye haja ya kitu hana budi kujishusha na kuvumilia usumbufu wa kukipata. Wengi huijua methali hii kwa ulimi tu. Kinyozi mmoja aliisema kwa wateja wake mara zisizo na idadi, wala haikumgusa, mpaka alipokuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Watu walimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha chuo chochote. Masomo yake yaliishia darasa la saba. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hapakuwa na swali lililomshinda. Ukimuuliza kwa nini mvua imechelewa, alikuwa na jibu. Ukimuuliza kwa nini mke wa jirani amenuna, alikuwa na majibu mawili. Alijibu huku mkasi ukilia juu ya sikio lako, nawe shingo umeiinamisha mbele ya wembe, sasa ungebishana naye vipi? Kwa miaka arobaini vichwa vya kila namna vilikuwa vimeinama mbele ya Profesa: vya matajiri, vya wabeba mizigo, vya maharusi, hata cha ofisa mmoja wa kodi. Yeye mwenyewe hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwinamia mtu.

Kazi yake aliifanya katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la nyaya za umeme na kibanda cha mshona viatu. Humo mlikuwa na kioo kilichoanza kufanya madoa pembeni, benchi la wanaosubiri, redio iliyofungwa kwa mpira, na ile harufu ya poda na spiriti ambayo mtu akiinusa popote duniani hukumbuka utoto wake. Katikati palikuwa na kiti.

Kilikuwa kiti cha chuma, kizito kama deni la ukoo, kimesimama juu ya mguu mmoja mnene. Ubao wake wa kuwekea miguu ulikuwa wa chuma kilichochorwa maua, na maua hayo yalikuwa yamelika upande wa kulia kwa sababu watu wengi hutangulia kukanyaga kwa mguu wa kulia. Kando yake palikuwa na pedali. Ukiikanyaga, kiti kilipanda taratibu kikitoa sauti kama ya mzee anayeinuka mkekani. Baba yake Profesa, ambaye pia alikuwa kinyozi, alikinunua kutoka hoteli moja iliyokuwa inafungwa, akakisukuma kwa mkokoteni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Siku hiyo alimpandisha mwanawe juu ya kiti hicho, akakanyaga pedali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mtoto akapanda, akapanda, mpaka kwa mara ya kwanza maishani mwake akauona utosi wa baba yake. Ulikuwa umeanza upara. Hakumwambia mtu, lakini tangu siku ile alijua kuwa kuna mambo ya mzazi ambayo huonekana kwa juu tu.

Baba huyo alimwachia kanuni mbili za kazi. Ya kwanza, wembe hunolewa kabla mteja hajaketi, asije akasikia sauti yake akaogopa. Ya pili, kinyozi haulizi jina. "Mtu amekupa koo lake," mzee alikuwa akisema, "usimdai na jina lake." Kwa hiyo mle ndani kila mtu aliitwa Bosi, au Jirani, au Mwalimu. Muuza mkate aliyekuja kila baada ya Jumamosi mbili aliitwa Mkate tu. Profesa aliwajua watu kwa vichwa vyao. Angefumbwa macho na kuguswa visogo, angekwambia huyu ni nani, nywele zake zinageukia wapi, na alianguka kutoka wapi alipokuwa mdogo. Lakini majina hakuyajua.

Ngozi ya kiti ilipopasuka mpaka sponji ikaanza kumwagika kama ngano, Profesa alimwita fundi wa makochi wa mtaa wa pili. Fundi akakizunguka kiti, akakibonyeza hapa na pale.

"Profesa, kiti hiki kimetuzidi umri mimi na wewe tukijumlishwa."

"Heshimu wakubwa zako. Unakiweza au hukiwezi?"

"Wiki mbili. Ngozi nyeusi hii hii, sponji mpya. Ukikikalia utasinzia."

"Nikisinzia nitamkata mtu sikio. Wiki mbili kweli?"

"Mungu akipenda."

Profesa akatoa malipo ya awali. Mkate, aliyekuwa benchini akingoja zamu yake, akashika upande mmoja, fundi akashika mwingine, wakakipandisha kiti kwenye mkokoteni. Hakuna aliyeandika chochote. Kwa kuwa Profesa hakupenda simu, fundi aliandika namba ya mke wa Profesa kwenye kiganja chake, akaenda zake.

Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukazaa wa pili. Fundi alituma ujumbe kwa simu ya mke, naye mke akausoma kwa sauti jikoni. Mara ngozi haijafika, njooni Ijumaa. Mara amefiwa na shangazi, njooni Jumatatu. Mara ngozi imefika lakini amefiwa na shangazi.

"Baba watoto, huyu fundi ana mashangazi wangapi?" mke aliuliza.

"Ukoo mkubwa," Profesa akajibu, akaisukuma sahani kando.

Wakati huo wateja walikalia kiti cha plastiki. Kiti cha plastiki hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo aliyekuwa akishuka ni Profesa. Jioni mgongo ulimuuma kama aliyepalilia shamba la mwenzake.

Ndipo siku moja Mwalimu, mstaafu ambaye kichwa chake kilikuwa na nywele chache lakini zilizohitaji uangalifu mkubwa, akaketi, akakohoa, akasema, "Profesa, nimekiona kiti chako. Kimevaa nyekundu."

Kilikuwa katika saluni mpya karibu na posta. Profesa alisimama nje ya kioo, akakitazama kama mtu anayemwona mkewe wa zamani harusini. Ngozi ilikuwa nyekundu inayong'aa, lakini maua ya chuma yalikuwa yale yale, yamelika upande wa kulia. Mwenye saluni alimpokea kwa adabu. Alisema amekinunua kwa fundi wa makochi na karatasi anayo. Profesa akafululiza hadi karakana ya fundi. Fundi alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama walivyo mafundi wa makochi wakiwa kazini, na aliitoa mmoja mmoja kabla ya kujibu, bila haraka yoyote.

"Kwani umesahau, Profesa? Si uliniuzia mwenyewe? Ulisema ni chuma chakavu, nikichukue."

"Mimi? Nani shahidi wa maneno hayo?"

"Na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Nani shahidi?"

Profesa, mtu wa majibu mawili kwa kila swali, akavaa kofia yake akaondoka.

Mwalimu alipopata habari alimwambia kuna mahakama ya madai madogo. Huko hahitaji wakili. Mtu huandika dai lake, husimama mwenyewe, husema ukweli wake. Profesa akasema afadhali asamehe kuliko watu kusema amezeeka, amechezewa shere na fundi wa makochi.

"Baba yako alikisukuma kwa mkokoteni tangu asubuhi hadi adhuhuri," mkewe akasema. "Wewe huwezi kusukuma kalamu?"

Akaenda. Jengo la mahakama lilikuwa la zamani, lenye ukumbi mrefu, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya wenye subira, na dirisha dogo ambalo nyuma yake alikaa karani wa kike aliyevaa sweta ya kijani. Zamu yake ilipofika, Profesa alisafisha koo, akaanza kueleza tangu hoteli ilipofungwa. Alipofika penye mkokoteni watu wa nyuma wakaanza kuguna. Karani akapitisha karatasi chini ya kioo.

"Baba, hapa dirishani hatuhukumu. Jaza fomu hii, ukimaliza nirudishie."

Profesa akaketi benchini. Fomu ilimuuliza mambo kwa Kiswahili alichokisoma na kukielewa neno moja moja, lakini maneno yakikaa pamoja yalimgeuka. Pembeni yake mama mmoja alikuwa akimuuliza kijana wa suti maana ya neno nafuu, yaani kile mtu anachoiomba mahakama impe, wala hakuona haya. Profesa hakumuuliza mtu. Alijaza yote, nafasi ilipoisha akageuza karatasi akaandika nyuma, akairudisha akiwa ameinua kidevu.

Karani akasoma, kwanza kimya, kisha kwa sauti ya chini ambayo kwa bahati mbaya ukumbi ule uliipaza. "Mdaiwa, Fundi Makochi. Shahidi, Mkate. Unaiomba mahakama ikupe nini... Heshima yangu." Akainua macho. "Baba, heshima hatuna stoo yake hapa. Na huyu Mkate ni mtu au ni kifungua kinywa?"

Foleni nzima ikacheka. Hata yule mama wa nafuu alicheka, ingawa kwa upole.

"Nikusaidie kujaza?" karani akauliza.

"Nimesoma."

"Sikusema hujasoma, baba."

Profesa akaichukua fomu yake, akaikunja mara nne, akatoka. Nyumbani alisema mahakama haina akili. Fomu ikalala kwenye saraka ya nyembe kuukuu, na mwezi mzima hakuna aliyeitaja.

Kilichomrudisha ni kilio. Mama mmoja alimleta mwanawe mdogo kunyolewa kwa mara ya kwanza. Njia nzima alikuwa amemsimulia habari za kiti kinachopanda, kwa kuwa yeye mwenyewe alipokuwa msichana alipandishwa juu yake akiwa amemsindikiza kaka yake. Mtoto akaingia akikitafuta kwa macho. Akakalishwa kwenye plastiki, juu ya vitabu viwili vya simu. Akalia tangu unywele wa kwanza mpaka wa mwisho, na Profesa, akiwa amejikunja kama ndoana, hakuwa na kitu cha kumnyamazisha. Mama akalipa, akasema si neno. Lakini alipofika mlangoni aligeuka akapatazama pale katikati ya chumba, pahali patupu, kama mtu anayepita penye nyumba iliyobomolewa.

Alasiri hiyo Profesa alifunga mapema, akaenda nyumbani akajinyoosha sakafuni. Mkewe akamletea mafuta ya kuchua.

"Mgongo tena?"

"Umekufa kabisa."

"Umeinamia plastiki miezi minne," mke akasema huku akimchua. "Karani ungemwinamia dakika kumi tu."

"Kesho niamshe mapema," Profesa akasema. Mkewe alimfahamu vya kutosha kujua kuwa huko ndiko kukubali kwake.

Asubuhi alifika mahakamani mlango ukiwa bado umefungwa. Dirisha lilipofunguliwa alivua kofia, jambo ambalo halikuwa katika fomu yoyote.

"Binti yangu, mwezi uliopita uliniuliza kama unisaidie, nikakujibu nimesoma. Ni kweli nimesoma. Lakini haya siyajui. Nifundishe."

Karani akamtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho safari hii hakikumchoma. "Wote wanaokuja hapa hawajui, baba. Anayejua haji kwangu, anamtuma wakili." Akatoka nyuma ya dirisha, akaketi naye benchini, kalamu mkononi. "Kwanza, hadithi ya mzee wako tuiondoe."

"Yote?"

"Yote. Hakimu anataka kujua ulimpa nini, lini, mlikubaliana nini, yeye akafanya nini, na wewe unataka nini."

"Nataka kiti."

"Basi andika kiti."

Yalikuwa maneno machache, lakini kuyafikia ilimpasa kuikata hoteli, kuukata mkokoteni, kukata na ule utosi wa baba yake ambao, sijui kwa nini, alikuwa ameuandika nyuma ya karatasi. Alikata mstari mmoja mmoja, polepole, kama anayemnyoa marehemu. Karani hakumharakisha. Alipomaliza, akamuuliza kama kuna ujumbe wowote wa simu. Profesa akasema yeye hana, labda mkewe, ambaye hafuti kitu, hata ujumbe wa kampuni ya simu wa miaka mitatu iliyopita. Karani akasema huyo mke ni mali.

"Sasa majina," akaendelea. "Jina kamili la fundi, na jina kamili la huyu Mkate. Bila jina sina wa kumwita."

Jina la fundi alilipata kwa mchomea vyuma aliyepakana naye karakana, mtu ambaye Profesa alikuwa akimpita kila siku bila salamu. Ilibidi aanze na salamu. La Mkate lilikuwa kazi nyingine, kwa kuwa Mkate hakuwa ameonekana kwa Profesa tangu kiti kiondoke. Profesa alikwenda hadi lango la kiwanda cha mikate.

"Namtafuta mtu wa mkate," akamwambia mlinzi.

"Hapa wote ni wa mkate."

"Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto, kama mwezi mchanga. Na nywele za utosini zinazunguka mara mbili."

"Mzee, mimi huwatazama watu usoni. Utosini sifiki."

Siku mbili mfululizo Profesa alisimama langoni wakati wauzaji wakifunga makreti kwenye baiskeli zao. Kila aliyeinama, alichungulia kisogo chake. Wenye kofia aliwaomba wazivue. Mmoja akamuuliza kama siku hizi ananyoa njiani. Mwingine akavua akisema, "Tazama, mzee, lakini hela ya kunyoa sina." Profesa aliomba radhi, akaendelea. Siku ya tatu mzee mmoja wa makreti alisikia habari za kovu, akasema, "Huyo namjua, alikuwa mgonjwa sana," akamwelekeza nyumba.

Alimkuta Mkate ameketi kizingitini, amekonda, nywele zimemjaa mpaka kwenye masikio. Profesa akamwamkia, akakaribishwa kigoda. Akaeleza shida yake kwa ufupi, kama alivyofundishwa. Mwishoni akasema, "Naomba jina lako."

Mkate alizishika nywele zake zilizomjaa.

"Miaka kumi na minane unaninyoa."

"Kumi na minane."

"Nililala hospitali wiki saba, Profesa. Pale kwako benchini nilipaona kama kwa ndugu. Kila saa ya wageni nikasema leo watakuja, Profesa hawezi kuniacha. Halafu siku moja nikafikiri: akija, atamuulizia nani pale mapokezi? Mkate?" Akajaribu kucheka. "Nikaacha kungoja."

Profesa aliitazama mikono yake. Kanuni ile aliyopewa ilikuwa ya heshima, na mzee wake aliifuata kwa moyo safi. Lakini yeye kwa miaka mingi alikuwa ameifanya pazia la kujifichia. Asiyeuliza jina haulizwi hali.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nimekuja kwa shida yangu, sikuja kwa yako."

"Umekuja lakini." Mkate akamtajia jina, la kwake, la baba yake na la babu yake. Profesa akaliandika herufi kwa herufi, akamsomea aone kama amekosea. Kisha akafungua mfuko aliokuja nao, na kwa kuwa kigoda kilikuwa kimoja na mgonjwa alikuwa chini kizingitini, akapiga magoti mavumbini, akamnyoa.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilimshangaza kwa udogo wake. Kilikuwa na meza, viti sita na feni iliyozunguka kwa kusuasua. Hakimu alikuwa kijana ambaye Profesa, kwa mazoea, aliona ananyolewa vibaya kisogoni. Fundi alikuja na shati jeupe na uso wa mtu aliyeonewa. Akasema aliuziwa chuma chakavu kwa maneno ya mdomo, akakitengeneza kwa jasho lake, akakiuza kihalali. Sasa mzee amekiona kimependeza, roho imemrudia.

Profesa akaitwa. Akasimama, na ule ulimi wa miaka arobaini ukaamka. Alihisi hoteli ikimjia mdomoni, na mkokoteni nyuma yake. Akameza mate.

"Mheshimiwa, mimi sijui sana kusema mbele ya mahakama. Nikikosea unirekebishe. Nilimpa kiti akibadilishe ngozi. Tulikubaliana wiki mbili. Amekiuza. Naomba kiti changu."

Akakaa. Mkewe, aliyekuwa nyuma, hakuamini kuwa amemaliza.

Mkate akaeleza alivyoshika upande mmoja wa kiti, na alivyosikia kwa masikio yake wiki mbili na ngozi nyeusi, na alivyoona malipo yakitolewa. Fundi akamuuliza kama ana hakika, maana alikuwa mgonjwa. "Niliugua mapafu," Mkate akamjibu. "Masikio hayakulazwa." Kisha hakimu akaomba simu, akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye shangazi wa tatu alijizuia asicheke, akamgeukia fundi.

"Ulisema uliuziwa chuma chakavu."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sasa mtu aliyekuuzia chuma chakavu, ulikuwa unamwomba asubiri ngozi ya nini?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Ungedhani bado una misumari.

Uamuzi ulitolewa wiki ile ile. Fundi akirudishe kiti katika siku kumi na nne, au alipe thamani yake yote, pamoja na gharama za kufungua dai. Profesa aliogopa kuwa atachagua kulipa. Siku kumi na mbili zilipita hivyo hivyo, na kila mkokoteni uliopita mtaani ulimtoa mlangoni na wembe mkononi. Siku ya kumi na tatu mmoja ukasimama. Fundi alikuwa amekinunua tena kutoka saluni ya posta, kwa bei ambayo, kwa sura yake, haikuwa ya kusimulia. Akakishusha, akasema, "Pokea mali yako," akaondoka bila kungoja asante.

Kilikuwa chekundu. Profesa alikizunguka mara mbili. Ngozi nyeusi haikuwepo tena, wala lile bonde dogo walilochimba watu wa miaka hamsini, wala harufu ya mafuta ya nywele ya zama za baba yake. Alibonyeza sponji; ikamrudisha mkono kama mgeni asiyemjua. Machozi yakamlenga. Akajua kuwa sehemu moja ya kiti ilikuwa imekwenda na haitarudi kwa hukumu ya mahakama yoyote, na kwamba angeenda dirishani siku ile ya kwanza, au angeandika karatasi moja kabla ya hapo, huenda ingebaki.

"Ndicho chenyewe?" mkewe akauliza.

Akachuchumaa akayagusa maua ya chuma. "Ndicho," akasema. "Kimebadilisha nguo tu."

Mkate alikuwa amekuja kusaidia kukibeba, ingawa nguvu bado hazikuwa zimemrudia. Profesa akamwita kwa jina lake, akamkaribisha akae wa kwanza. Mkate akaweka mguu wa kulia juu ya maua yaliyolika, akajiegemeza kwa hadhari juu ya uwekundu ule, akacheka kwa aibu kama bwana harusi. Profesa akakanyaga pedali. Sauti ikawa ile ile, ya mzee anayeinuka mkekani, na kiti kikaanza kupanda. Alikanyaga tena na tena, kuliko ilivyohitajika, na alichokuwa amekililia miezi sita kikawa mbele yake, kimemnyanyua mtu ambaye sasa alimjua. Hakukipata kwa ujuzi wake wa kila kitu. Alikipata alipovua kofia, akauliza, na akapiga magoti mavumbini. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.